Mawe ya Senkondo

Mtu mmoja alikuwa na shamba la mahindi na maharage kwenye mteremko, huko Upareni, na shamba lenyewe lilikunywa maji ya ndiva. Asiyeijua ndiva aelewe hivi: ni bwawa la mawe na udongo lililojengwa juu ya mashamba. Usiku linajaa kutoka kwenye chemchemi, asubuhi kizibo kinatolewa, na maji yanashuka kwa mfereji mpaka kwa mwenye zamu. Jioni mwenye zamu anapanda kuziba tena. Hana kazi nyingine. Azibe tu, ili kesho jirani naye apate.

Mtu huyu aliitwa Senkondo, na zamu yake ilikuwa Alhamisi. Alhamisi moja ya kiangazi, badala ya kupanda kuziba, alipitia kwenye pombe ya miwa. Akaambiwa kaa kidogo, akakaa. Mnaijua hiyo "kaa kidogo" ya kilabuni, msijifanye wageni. Maji yakatoka usiku kucha, yakalichimba tundu la kizibo, tundu likawa pango, na kulipokucha ukuta wa ndiva ulikuwa umelala chini, maji ya kijiji kizima yameishia bondeni. Kiangazi, jamani! Na maharage ndiyo kwanza yanatoa maua.

Desturi ya kule ni kali, lakini ni ya haki: aliyebomoa ndiva hafungui maji shambani kwake mpaka ukuta usimame tena. Basi kabla Senkondo hajapata hata uso wa kutoka ndani, msimamizi wa ndiva, mzee mmoja aitwaye Kajiru, alikuwa amekwisha vua viatu na kuingia kwenye tope. Hakumwita mtu. Alipanga mawe kutwa nzima. Jiwe moja lilimteleza likamponda kidole; akakifunga kwa kitambaa, akaendelea. Kidole hicho hakikunjiki mpaka leo. Jua lilipozama ukuta ulikuwa umesimama, imara kuliko mwanzo. Kisha Kajiru akatangaza zamu za wiki mbele ya watu wote, na alipofika Alhamisi alisema kama alivyosema siku zote: Senkondo. Watu wakaguna. Yeye akaenda zake kunawa.

Mwenye akili zake angesema asante, akaenda kulala. Senkondo alishindwa. Kila akikumbuka ule mguno, uso ulimwaka moto. Alijiambia, maji hayo nitayapokea kwa mkono gani, mimi niliyewakaushia wenzangu? Akachukua donge kubwa la udongo, akauziba mdomo wa mfereji wake mwenyewe. Tangu hapo akawa anateremka bondeni na ndoo mbili, anapanda nazo akitweta, anamwagilia shina moja moja. Na kila alfajiri, kabla ya ndoo, alibeba jiwe begani mpaka kwenye ndiva, akalitua kando ya ukuta. Nikimaliza kurudisha mawe niliyoyaangusha, alisema, hapo nitafungua.

Watu walimwona, wakaanza kumsifu. Huyu kajuta kweli, walisema. Mgema akisifiwa, mwisho wake mnaujua: mawe ya Senkondo yakaanza kuongezeka ukubwa, na njia anayopita nayo ikawa ndefu zaidi, ile inayokatiza katikati ya nyumba za watu. Aibu nayo ina utamu wake, msidanganyike. Kulikuwa na jirani yake, Nanzia, ambaye mwaka uliotangulia mbuzi wake waliuvuruga mfereji, akasamehewa, na sasa siku ya zamu yake alimwagilia huku anaimba. Senkondo alipita na jiwe lake, akamtazama, akawaza: mwanamke huyu hana hata haya.

Alhamisi maji yaliendelea kuja. Kajiru alitoa kizibo, maji yakashuka mpaka kwenye lile donge, yakagonga, yakapinda, yakaenda korongoni kunywesha magugu. Wakulima wengine walimwendea mzee, wakaomba Alhamisi hiyo isipotee bure, wapewe wao. Akakataa. Ni ya Senkondo, aliwaambia.

Shamba haliishi kwa ndoo mbili. Majani ya mahindi yalijikunja, maua ya maharage yakaanza kudondoka. Nakiete, mkewe, akaongeza ndoo ya tatu, naye alikuwa na mimba ya miezi saba. Siku aliyoteleza kwenye mteremko na kuanguka kifudifudi, Senkondo aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake. Mtoto alinusurika. Nakiete alikaa pale pale chini, na matope magotini, akamwambia:

"Baba Mbonea, kukosa umekosa peke yako. Mbona aibu unatunywesha sote? Maji si hayo yanapita mlangoni!"

"Yamebaki mawe machache tu, mama," alisema Senkondo.

Machache mangapi? Hakujua. Hakuna aliyemtajia idadi, kwa sababu hakuna aliyemwagiza.

Alhamisi iliyofuata alijitwisha jiwe la kubebwa na watu wawili. Alitaka lile ndilo liwe la mwisho, limalize kila kitu. Alipanda nalo akisimama kila hatua kumi, mpaka akafika juu. Kajiru alikuwepo ukingoni, amejiandaa kutoa kizibo. Senkondo akaamkia, akaitikiwa, kisha akauliza, jiwe bado liko begani, aliweke wapi. Mzee alilitazama lile rundo, jiwe juu ya jiwe, wiki hata wiki. Hakuna hata moja lililokuwa limeguswa. Akasema:

"Senkondo, ukuta hauna tundu. Nikitaka kuliingiza jiwe lako, sharti kwanza niubomoe."

Senkondo aliutazama ukuta, na kusema kweli ilikuwa mara ya kwanza. Siku zote alipofika pale aliangalia rundo lake. Nyasi zilikuwa zimeota kwenye ukuta. Hata tone halikuvuja. Kwanza alishikwa na hasira: wiki zote hizi, mgongo huu wote, kumbe bure! Halafu akaona mkono wa mzee umeshika kizibo, kile kidole kimenyooka peke yake, na hasira ikamwishia. Akaelewa kwamba kila alfajiri, kwa kila jiwe, alikuwa anamwambia mzee huyu kazi yako haikutosha. Machozi yakamtoka. Akalitua jiwe. Hakujua mikono aipeleke wapi, maana ilikuwa haina kitu.

Kajiru hakumngoja aseme lolote. Alivuta kizibo.

Hapo Senkondo akakumbuka kule chini kumezibwa, na aliyeziba ni yeye. Alitimua mbio mteremkoni, mtu mzima na heshima zake, mikono mitupu, mbele ya nyumba zile zile alizokuwa akipitia na mawe, na watu wakatoka kutazama. Alikuta maji yameshafika, yanagonga donge na kupinda. Akapiga magoti. Donge lilikuwa limekaushwa na jua, gumu kama tofali. Akalichimba kwa kucha mpaka likakatika. Maji yakamrukia kifuani, yakaingia shambani, yakashika mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nakiete alikuwa katikati ya maharage na ndoo yake. Alipoona maji yanamfikia miguuni aliitua, akaanza kucheka, kisha akalia. Nusu ya shamba ilikuwa imeshakufa, siwafichi. Nusu ikapona, na ndiyo waliyokula mwaka ule, na mtoto akazaliwa nyumba ina chakula.

Jioni ile Senkondo alipanda kuziba kabla hata jua halijainama. Siku ya msaragambo, kijiji kilipokusanyika kusafisha mifereji, yeye alifika wa kwanza na jembe lake, na safari hii aliimba, tena kwa sauti mbaya. Mtu mmoja akamtania kama bado anarudisha mawe. Akajibu hapana, leo kaja kwa sababu maji ni ya kwao.

Basi nawauliza ninyi mliopanda kuja hapa kanisani asubuhi hii, kila mmoja na jiwe lake begani: mnataka Bwana aubomoe ukuta wake, ili la kwenu lipate pa kukaa?