Daftari la Mkunde

Hapo zamani, si zamani ya mbali, maana simu zilikuwepo na mgao wa maji ulikuwepo, mjini Same aliishi mwanamke aitwaye Mkunde. Alikuwa na cherehani moja, watoto watatu, na mume dereva wa lori aliyeonekana nyumbani mara mbili kwa mwezi. Tena alikuwa na riwaya kichwani. Na kama hayo hayakutosha, alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha waandishi.

Kikundi kilikuwa na watu tisa. Kilikutana kila Jumamosi alasiri katika darasa la shule ya msingi. Mwenyekiti ndiye aliyeomba ufunguo, ndiye aliyefagia, ndiye aliyesoma kazi za wote kabla hawajafika. Riwaya yake mwenyewe aliiandika akisubiri maharage yaive. Mwaka wa kwanza alipata sura mbili. Mwaka wa pili alipata moja, na hiyo moja ikamwagikiwa uji.

Kikundi kilikuwa na desturi yake. Mwanachama akimaliza kitabu, daftari aliloandikia kwa mkono halibaki kwake. Humpa mtu mmoja, mbele ya wote, akimwambia: "Bila wewe, kitabu hiki kisingekuwepo." Maneno hayo huambiwa mtu mmoja tu, na akishaambiwa, daftari ni lake.

Basi, akaja wifi yake, Namsifu. Alimkuta Mkunde amesinzia juu ya cherehani, akamwambia amwachie jiko na watoto kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja, kila siku, yeye akajifungie chumbani kwake Namsifu aandike. Mkunde akaenda. Namsifu akapika, akaogesha, akagombana na wateja waliodai sare za shule ambazo Mkunde hajamaliza kuzishona. Siku moja mtoto wa mwisho alishikwa na degedege. Namsifu alimbeba akakimbia naye zahanati, akapita chini ya dirisha la chumba kile, asibishe hodi. Saa kumi na moja Mkunde alitoka akiwa amemaliza sura ya mwisho, akamkuta mtoto amelala, mkononi ana plasta ya dripu. Alitaka kumpiga wifi yake. Badala yake akamkumbatia, akalia, na katika kulia akamwambia yale maneno.

Akaja Mwalimu Mshitu. Yeye alichukua ufunguo wa darasa tangu Mkunde alipoanza kujifungia. Alifagia, alisoma kazi za watu, alipatanisha wawili waliotupiana kurasa. Ili apate nafasi, aliiweka kando riwaya yake ya miaka kumi na mmoja. Aliporudi kuishika, haikumwitikia tena. Aliwasoma wahusika wake kama anasoma barua za majirani. Siku Mkunde alipoliona bunda la kurasa zile limefungwa kamba na kuwekwa juu ya kabati, alimwonea huruma. Akamwambia yale maneno.

Akaja Bi Zahara, karani mstaafu wa mahakama. Mkunde aliposoma riwaya nzima mbele ya kikundi, wote walipiga makofi isipokuwa yeye. Alisema amesikiliza uongo mahakamani miaka thelathini, na huu ulikuwa mmojawapo: mama gani huyu hachoki, hakasiriki, wala hatamani hata siku moja kuwakimbia wanawe? Mkunde hakumsalimu miezi miwili. Kisha alilichukua daftari lile akawashia jiko, akanunua jipya, akaanza ukurasa wa kwanza. Namsifu akarudi jikoni miezi mingine mitano, Mwalimu akaendelea na ufunguo. Mchapishaji alipolikubali lile la pili, Mkunde alimpigia simu Bi Zahara. Kwa furaha, akamwambia yale maneno.

Kitabu kikatoka. Jumamosi ya kukabidhi daftari ikafika, na watatu wakakaa mstari wa mbele, kila mmoja akijua daftari ni lake na akiwaonea huruma wenzake. Mkunde alipowaona, ndipo akahesabu yale maneno. Alikuwa ameyasema mara tatu.

Namsifu ndiye aliyeanza. "Wifi, saa ulizoandikia zilikuwa zangu. Na siku ile nilikimbia na roho ya mwanao mikononi, nikajua akifa utanilaani. Hilo nililibeba peke yangu."

"Na ulilibeba bila ruhusa," alisema Bi Zahara. "Mama anaitwa kwanza, kitabu baadaye. Halafu sura uliyoilinda siku hiyo iliishia kupikia chai. Hili daftari limezaliwa kwa neno langu. Nilijua litaniondolea rafiki, nikalisema."

"Neno ulilisema kwenye kikao gani, Bi Zahara?" aliuliza Mwalimu, taratibu. "Kikao nilichokilinda mimi. Mwenyekiti, hawa wawili walikupa walichokuwa nacho, na bado wanacho. Mimi changu hakipo. Ulimwengu ulikuwa upate vitabu viwili. Umepata kimoja."

"Nani alikutuma uache chako?" aliuliza Namsifu.

Mtu wa nyuma akashauri daftari likatwe vipande vitatu. Wakamwambia akae.

Mkunde alisimama, daftari kifuani. Hakuwa amedanganya hata mara moja; kila aliposema, alisema kwa moyo wote. Nyumba alikuwa anairudia jioni ile ile, na wifi yake ndani. Kikundi kilikuwa hapo, kinamtazama. Na riwaya ya pili ilikuwa imeshaanza kumsumbua, nayo ingetaka saa, ingetaka ufunguo, ingetaka wa kumwambia kweli. Akafungua kinywa.

Nami naishia hapo alipofungua kinywa, maana ninyi mmekaa mkisikiliza na hamna wifi wala mwalimu wa kumwogopa humu. Daftari ni moja, na maneno ni ya mtu mmoja. Je, nani alilistahili?