Ngozi za Bi Pimbi na Mlango wa Chui

Hapo zamani za kale, wakati wanyama walipokuwa na nyumba zao, masufuria yao na majirani wa kuwasengenya, aliishi Bi Pimbi. Kaeni vizuri. Wewe wa pembeni, mwache mwenzako, hadithi yenyewe ina mtu mwenye wasiwasi wa kutosha.

Bi Pimbi alikaa juu mlimani, katika nyumba ya mawe, pamoja na watoto wake. Mdogo wao aliitwa Siwema. Bi Pimbi alikuwa na kibustani cha kunde na zizi dogo la kondoo. Najua mtaniuliza, kondoo si mnyama naye, mbona hakuwa na nyumba yake? Nchi ile kondoo hawakuwa wasemaji, yaishe hayo. Kondoo akizeeka alichinjwa, nyama wakapewa wanaokula nyama, na ngozi ikabaki na sufu yake, ikatengenezwa, ikawa ya kulalia.

Kule juu kulalia ngozi hakukuwa anasa. Kipupwe kikiingia, mawe yenyewe yalikuwa baridi mpaka ukikaa unaruka. Mwaka uliopita Siwema alilalia ngozi iliyonyonyoka, akakohoa tangu kipupwe kianze mpaka kiishe. Kho, kho, kho. Mama yake alikuwa akihesabu kila kikohozi kana kwamba anapigwa yeye.

Sasa kipupwe kilikuwa njiani tena. Ngozi mpya zilikuwa zimepakwa chumvi, zimepangwa juu ya jiwe, zinangoja fundi. Na ngozi ya chumvi haingoji sana. Ikikaa, sufu inaanza kulegea.

Bi Pimbi hakutulia. Alikaa, akasimama. Aliweka maharage jikoni, akayasahau, akaenda kunusa ngozi. Alivuta sufu kidogo kwa vidole, ikashika. Akarudi jikoni, maharage yameungua. Akaenda kunusa ngozi tena.

"Mama, utazichosha," Siwema akasema.

"Nyamaza, kunywa uji."

Ngoja niwaeleze yaliyomkuta mwaka uliopita, ili mumwelewe. Nchi ile ilikuwa na desturi ya kukung'uta. Ngozi ikitoka kwa fundi, mwenyewe huikung'uta mbele ya watu. Akishaikung'uta na kuikunja, basi amekubali kwamba ni yake kama ilivyo. Hawezi kulalamika tena, wala hakuna wa kumnyang'anya.

Mwaka huo Bi Pimbi alimpelekea Chui ngozi zake, kwa sababu mlango wa Chui ulipendeza kuliko yote. Chui alitundika pale ngozi za mfano, nyeupe, nene, laini. Siku ya kuchukua, kwa furaha Bi Pimbi akazikung'uta kabla hajatazama hata pindo. Paa! Sufu yote ikapeperuka, akabaki na ngozi tupu mkononi, na watu wakacheka.

"Umekung'uta, umekubali," Chui akamwambia. "Tena kosa ni lako, mama. Chumvi uliitia kidogo."

Chumvi kidogo! Maneno hayo yalimkaa Bi Pimbi kifuani mwaka mzima. Kila Siwema alipokohoa, alijiambia, ni mkono wangu huu uliomnyima mtoto chumvi.

Basi mwaka huu alitia chumvi mpaka jirani yake Bi Nguchiro akamuuliza kama anataka kuzila.

"Shoga, acha kuzunguka," Bi Nguchiro akasema. "Mafundi ni watatu tu. Kuna Fisi, kuna Kobe, kuna Chui. Mpelekee Chui tena. Hata zangu zilinyonyoka, lakini aliniambia kosa lilikuwa langu. Umeuona mlango wake mwaka huu? Unameremeta."

"Na Kobe?"

"Kobe! Mlangoni kwake hakuna hata ngozi moja. Fundi gani hana kazi ya kuonyesha?"

Bi Pimbi aliona ni kweli. Hata hivyo moyo haukukubali. Akajitwika ngozi zake, na kwa vile yeye ni mdogo, aliyemwona kwa mbali aliona furushi la ngozi likishuka mlima lenyewe.

Akaanzia kwa Fisi. Fisi alimpokea kwa heshima kubwa, akazinusa ngozi kwa macho yaliyofumbwa.

"Karibu, mama, karibu. Zina mafuta mafuta hizi?"

"Mafuta ya nini, Bwana Fisi?"

"Aa, ni mambo ya ufundi tu." Udenda ulikuwa ukimdondoka, ti, ti, ti. "Ziache hapa. Wakati mwingine ngozi zikiingia majini hupungua, usishangae. Maji ya siku hizi yanakula."

"Yanakula maji, au unakula wewe?"

Fisi akacheka cheko lake lile. Bi Pimbi akabeba furushi, akaondoka mbio.

Akapita kwa Kobe, karibu na kijito. Mlango ulikuwa mtupu, kama alivyoambiwa. Ndani palisikika mtu akiponda magome ya kutengenezea ngozi kwa mchi, taratibu, tu... tu... tu. Bi Pimbi akasimama, akanyanyua mguu aingie, akaurudisha. Fundi gani hana kazi ya kuonyesha? Akaenda zake, na kila hatua akitaka kugeuka.

Akafika kwa Chui. Kweli mlango ulimeremeta. Ngozi zilitundikwa juu mpaka chini, na Chui mwenyewe amelala kwenye kivuli, mkia unacheza.

"Nilijua utarudi," Chui akasema. "Safari hii umetia chumvi?"

"Nimetia, Bwana Chui."

"Vizuri. Nyinyi wenye kondoo watatu wanne mna taabu. Mnaharibu ngozi nyumbani, halafu mnamlaumu fundi."

Bi Pimbi alikuwa anatafuta jibu la adabu. Ndipo upepo ukavuma, ukaigeuza ngozi moja mlangoni, ukampigia pindo lake karibu na pua.

Pale pindoni palikuwa na alama mbili ndogo, sawasawa, zimekaribiana.

Sasa sikilizeni. Pimbi ana meno mawili ya mbele, marefu. Wengine huweka alama kwenye ngozi zao kwa kisu, wengine kwa kijinga cha moto, maana rangi hutoka ngozi ikilowekwa. Bi Pimbi hana kisu. Yeye huuma pindo.

Akatazama ya pili. Imeumwa. Akatazama ya tatu. Imeumwa. Hizi zilikuwa ngozi zake za mwaka uliopita, nzima, nzito, na sufu imeshika barabara. Alichorudishiwa yeye kilikuwa takataka za mtu mwingine, zimekatwa pindo zote zisijulikane. Hizi nzuri Chui hakuzikata, aliona uchungu kuziharibu.

Kwa hiyo chumvi ilitosha. Mkono wake haukuwa na kosa. Bi Pimbi alitaka kulia, na papo hapo alitaka kuuma kitu kingine zaidi ya pindo. Lakini Chui ni Chui. Watu wa ukoo wa Pimbi wangapi waliingia kwa Chui na kauli kali, hawakutoka? Akameza hasira yake kama dawa chungu.

"Bwana Chui," akasema kwa sauti nyembamba, "ngozi zangu nakuletea wewe. Ila watu wananikatisha tamaa."

"Watu gani?"

"Wanasema hizi za mlangoni si kazi. Wanasema sufu umeigandisha kwa ulimbo. Eti mtu akizikung'uta mara moja tu, utabaki na mlango wenye upara."

Mkia wa Chui ukaacha kucheza.

"Ulimbo? Mimi?"

"Mimi nimewakatalia, bwana. Nimewaambia, Chui na ulimbo wapi na wapi. Wakasema, wewe ni mdogo, unajua nini."

"Waite waje! Waje wazione zikikung'utwa!"

"Mimi nikiita, nani atanisikia? Wewe ukinguruma mara moja, watafika wote."

Chui akasimama, akanguruma. Mlima ukaitika. Wakaja Bi Nguchiro, Fisi, Nyati, Swala, Nungunungu, kila mtu akijiuliza amekosa nini. Bi Pimbi alisimama pale karibu na mlango. Akilini mwake alikuwa anaomba jambo moja tu, Chui asiikumbuke desturi mapema.

"Mnasema nimetia ulimbo," Chui akawaambia. Watu wakatazamana, hakuna aliyekuwa amesema kitu, lakini nani ambishie Chui? "Leo mtaona. Pimbi! Wewe ndiye mdogo kuliko wote, wasije wakasema nimechagua mtu wangu. Teremsha, ukung'ute. Kwa nguvu zako zote."

"Mbele ya watu hawa wote, bwana?"

"Mbele yao wote!"

Bi Pimbi akateremsha ya kwanza. Akaikung'uta. Paa! Haukutoka hata unyoya. Akaikunja. Ya pili, paa! Akaikunja. Ya tatu, paa! Akaikunja. Watu wakapiga makofi, Chui akainamisha kichwa kidogo, kama bwana harusi anayesifiwa.

"Mmeona kazi?" akauliza.

"Tumeona," Bi Pimbi akajibu, akizipanga ngozi zile juu ya furushi lake. "Kazi nzuri sana. Nimekung'uta, nimekubali. Asante, Bwana Chui, na kwaheri."

Akainama kulibeba furushi.

"Weka chini," Chui akasema.

"Niweke chini nini?"

"Ngozi zangu hizo."

"Majirani," Bi Pimbi akasema, na sauti sasa haikuwa nyembamba, "nani amezikung'uta?"

"Wewe," wakajibu, maana walikuwa wameona kwa macho yao.

"Nani amezikunja?"

"Wewe."

"Na nani ameniamuru?"

Wote wakamtazama Chui.

"Hiyo ni desturi ya mwenye ngozi!" Chui akafoka. "Yeye si mwenyewe!"

Bi Pimbi akakunjua pindo, akatia meno yake mawili kwenye zile alama. Yakaingia, yakakaa. Akageukia huku, akageukia huku, kila mtu aone, pindo likining'inia mdomoni. Kisha akalitema.

"Mwaka mzima nimeambiwa nilitia chumvi kidogo," akasema. "Mwanangu amekohoa kipupwe kizima, na ngozi zake zinapamba mlango. Nanyi mliorudishiwa ngozi za kunyonyoka kama mimi, njooni mtazame pindo zilizobaki."

Nyati ndiye aliyeanza. Alisogea taratibu, akageuza moja, akaona alama ya kijinga cha moto aliyoiweka mkewe. Akaikung'uta, paa! Swala akapata yake. Nungunungu akapata yake, na Bi Nguchiro akapata mbili, akapiga kelele kuliko wote. Paa, paa, paa, mpaka mlango wa Chui ukabaki mbao tupu.

Chui alimwangalia Bi Pimbi kwa macho ambayo ukoo wa Pimbi haujayasahau mpaka leo. Akataka kuruka. Lakini Nyati alikuwa amesimama katikati, ngozi begani, pembe mbele, wala hakuwa na haraka ya kwenda popote. Chui akapanda mtini. Na tangu siku hiyo chochote anachokipata hukipandisha juu ya mti, asije mtu akakidai.

Bi Pimbi hakukaa kusikiliza sifa. Alikuwa bado ana ngozi mpya za kutengenezwa, na jua lilikuwa linazichoma. Akaenda mbio mpaka kijitoni, kwenye ule mlango mtupu, na safari hii akaingia.

Kobe alikuwa bado anaponda magome. Tu... tu... tu.

"Bwana Kobe, naomba nikuulize, usikasirike. Mbona mlangoni kwako hukutundika hata ngozi moja?"

Kobe akanyanyua kichwa, akamtazama kama mtu aliyeulizwa mbona maji ni maji.

"Nitundike ya nani, mama Siwema? Wenyewe wamekwisha kuzichukua."

Bi Pimbi akatua furushi. Akakaa chini, pale pale sakafuni, na hakusimama tena mpaka alipomaliza kuzikabidhi zote.

Kipupwe kilipoingia, kilikuta Siwema amezama kwenye sufu, inaonekana pua tu. Mama yake aliamka kusikiliza kikohozi. Hakikuja. Akalala.

Nanyi mkitafuta fundi, msimchague kwa vinavyoning'inia mlangoni kwake, mchagueni kwa vilivyofika salama majumbani mwa watu.