Maji Yaliyobaki Ndivani

Hapo zamani, na fumbo hili limemshinda kila aliyelisimulia, huyu wa leo akiwemo, katika kijiji cha milimani Upare palikuwa na mgawa maji aliyeitwa Mrutu. Kazi yake ilikuwa kufungua ndiva, bwawa la udongo lililokusanya maji ya chemchemi usiku kucha, na kuyateremsha mashambani. Naye alijiona bingwa. “Shamba halijashiba,” alipenda kusema, “mpaka maji yafike kwenye kifundo cha mguu.” Yaliyozidi yaliteremka bondeni kwa vyura.

Desturi ilitaka shamba la mgawa maji linywe mwisho, asije akajipendelea. Mara nyingi mwisho haukufika. Mahindi yake yalikuwa membamba kama miguu yake, na mkewe hakuchoka kumuuliza, “Bingwa, vyura wako hawajambo?”

Ukaja ukame. Mkulima mmoja, Kajiru, akashuka mferejini, akaziba kwa udongo wa kichuguu kila tundu lililochimbwa na kaa na kuvujisha maji. Mkulima mwenzake, Namkunda, akatandaza majani makavu ya migomba shambani mwake. Zamu yake ilipofika akafinya udongo kiganjani, ukashikamana. “Niruke,” akamwambia jirani wa zamu iliyofuata. “Huku bado kuna unyevu.”

Na Mrutu? Mrutu alilala.

Asubuhi ya siku hiyo alilegeza kizibo kidogo tu, mfereji ulowe kwanza, akaketi kungoja. Jua lilikuwa tamu. Alipozinduka lilikuwa utosini, na watu wamemzunguka. Akaanza kutafuta uongo wa maana. Kumbe hawakuja kumtukana. Maji yale membamba yalipita taratibu, yakazama mizizini badala ya kukimbilia bondeni. Wote waliomtangulia Mrutu, isipokuwa Namkunda, walikuwa wamenywesha, na ndiva bado ilikuwa na maji. Ya kutosha shamba moja tu.

“Ni yangu,” akasema Kajiru. “Kaa walikuwa wakiyaiba, nikayarudisha. Nina shamba la maharage lisilopangiwa zamu.”

“Wewe uliziba matundu,” akasema Namkunda. “Ningenywesha zamu yangu, yangebaki? Miche yangu ya kabichi kule kitaluni inakufa.”

Mrutu akakohoa. “Wa mwisho kwa desturi ni mimi. Tena, nisingelala…”

“Jamani! Huyu anadai ujira wa kukoroma!”

“Cheka, Kajiru, lakini ningekuwa macho ningeyamwaga yote, kama siku zote.”

“Basi, Baba Mrutu,” akasema Namkunda, “na miaka yote uliyokaa macho, tukudai sisi?”

Mrutu alicheka kuliko wote. Alikuwa amejiuliza hilohilo.

Wakabishana mpaka koo zikakauka kuliko mahindi. Hatimaye ikaamuliwa: maharage yametoa maua, na ua halingoji, maji yaende kwa Kajiru. Na wa kuyapeleka? Mgawa maji, nani mwingine? Mrutu akalegeza kizibo, kidogo kidogo, akayaongoza maji kandokando ya mahindi yake mwenyewe yaliyokunja majani kwa kiu. Safari hii, kwa bahati mbaya, usingizi haukumjia hata kidogo.

Haya, nyinyi mliokaa macho mpaka hapa: kati ya aliyeziba, aliyejinyima na aliyelala, maji yale yalikuwa ya nani?