Mtunzaji wa Bi Mwantumu

Bi Mwantumu alipovunjika nyonga, alimwomba mwanawe Kassimu, tajiri wa saruji, amlipie mtu wa kumtunza nyumbani.

“Ni ghali mno, mama,” alisema Kassimu.

“Basi usijali. Mzee Shehoza, fundi viatu, atanitunza bure. Anataka ndoa tu, na nyumba hii nimwandikie.”

Kassimu akauliza haraka, “Huyo mtunzaji anataka kiasi gani?”

“Laki tatu kwa mwezi. Miezi sita ilipwe mbele.”

Alilipa siku hiyo hiyo.

Wiki iliyofuata alikwenda kukagua, akamkuta Mzee Shehoza jikoni, amejifunga kanga, anakoroga uji.

“Mama, huyu anafanya nini humu?”

“Si ndiye mtunzaji uliyemlipa? Mwamkie baba yako. Tulifunga ndoa Ijumaa, na mahari aliitoa kwenye mshahara.”