Cheti Ndani ya Mbeta

Wahenga waliposema kawia ufike, hawakumsifu mvivu. Walimsema mtu ambaye amekwisha kuchelewa, na sasa amebakiwa na mawili: kugeuka nyuma au kuendelea na safari. Kefa wa Mjimwema aliijua methali hiyo tangu utoto, lakini hakuielewa mpaka miguu yake ilipomfundisha.

Ulikuwa mwezi wa Desemba, enzi za Mwingereza. Dorika, binti yake wa pekee, alikuwa amemaliza darasa la nane na roho yake yote ilikuwa kwenye uuguzi. Barua ya chuo ilimtaka afike misheni ya Makambako siku ya Ijumaa kwa usaili, na fomu iliyojazwa na cheti cha ubatizo mkononi.

Kefa aliishia darasa la pili, kwa hiyo aliheshimu karatasi kuliko waliosoma. Paa lake lilikuwa linavuja. Akazikunja karatasi zile, akazitia ndani ya mbeta kavu, kile kipande cha mwanzi cha kukingia ulanzi, pombe ya mianzi, akaining'iniza juu ya moto pamoja na mbeta nyingine na mbegu. Hapakuwa na mahali pakavu kuliko hapo. Jumatatu mvua ilinyesha vizuri, mianzi ikaanza kutoa maji, naye kwa furaha akaangua mbeta zote akaenda kuzifunga kwenye mianzi yake. Hakuchungulia hata moja. Nani huchungulia mbeta?

Jumatano asubuhi alipoumimina ulanzi, karatasi zilitoka nao.

Fomu ilikuwa imejazwa kwa penseli, ikasomeka ingawa iligeuka rangi ya chai. Cheti kiliandikwa kwa wino. Kilibaki wingu la buluu. Dorika alikitazama, asilie, na kule kutolia kulimchoma baba yake kama mwiba.

Jirani yao Tarsis alicheka mpaka akashika mbavu. "Kefa! Sisi Wakatoliki ulanzi tunaunywa. Ninyi Waluteri mnaupeleka chuoni?"

"Cheka umalize," Kefa alijibu, "kisha uniambie Mchungaji yuko wapi."

Mchungaji Gideoni alikuwa ziarani vijijini. Alirudi Alhamisi adhuhuri, akafungua kitabu cha ubatizo, akaandika cheti kipya bila kuuliza maswali mengi. Lakini lori la Makambako lilikuwa limeondoka alfajiri, na jingine lilikuwa la Jumatatu. Kefa akamtazama binti yake, akaitazama barabara.

"Karatasi kaa nazo wewe, mwanangu," alisema. "Mimi siaminiki."

Walitembea. Walilala kwa watu wasiowajua, wakaamka, wakatembea tena. Ijumaa mchana mvua iliwakuta njiani, nusu ya safari bado iko mbele. Dorika akaketi juu ya jiwe.

"Baba, saa hizi wenzangu wanaitwa majina. Turudi."

Kefa alivua koti lake akamfunika. Akachuchumaa, akamvua viatu, akaona malengelenge.

"Nilikukosea," akasema. "Nyumbani watatupokea hata mwezi ujao, hawana haraka na sisi. Kawia ufike, Dorika. Wakitukataa, watukatae wakituona."

Akavining'iniza viatu vya binti yake shingoni mwake, akampa mkono.

Walifika Jumamosi asubuhi, wamelowa chapachapa kama vifaranga. Sista Margareth, mkuu wa chuo, alikuwa anafunga sanduku lake.

"Kamwene, Sista," Kefa alisalimu, kofia mkononi.

"Kamwene. Usaili ulikuwa jana."

"Tunajua. Kosa ni langu, si la mtoto." Akaeleza yote, hakuficha hata mbeta.

Sista aliinusa fomu. "Hii inanuka pombe."

Kefa akafungua kinywa aeleze tofauti ya ulanzi mtamu na ulanzi mkali. Dorika akamkanyaga mguu.

"Mlijua siku imepita," Sista akamgeukia msichana. "Mbona mmekuja?"

Dorika alifikiri kidogo. "Sista, mgonjwa akicheleweshwa njiani, akiletwa hospitali hamumpokei?"

Sista aliiweka fomu chini. Kisha akafungua tena sanduku, akatoa kitabu, akamwambia asome. Dorika akasoma. Akampa hesabu, akazifanya. Akamkagua mikono, macho na meno. Muda wote huo Kefa alisimama mlangoni maji yakimchuruzika, haoni baridi.

"Nina nafasi nane," Sista alisema. "Niliwaita wasichana kumi na wawili. Jana walikuja saba tu. Wengine barua zao zilinifikia mapema sana, safi kabisa, lakini wenyewe hawakuja. Nilikuwa narudi chuoni kuwaandikia tena. Posta itachukua wiki mbili, na huenda wasije vilevile." Akachovya kalamu. "Wewe nimekwisha kukuona."

Kefa alilitazama jina la binti yake likiandikwa la nane, kwa wino. Hakupumua mpaka lilipokauka. Ndipo akainama, akamvalisha Dorika viatu vyake taratibu, kimoja kimoja, kama alivyokuwa akimvalisha alipokuwa mdogo.

Waliowahi kwa barua walibaki makwao. Aliyechelewa kwa miguu alipata nafasi. Hakika, kawia ufike.