Siku Nguchiro Alipomkagua Bwana Afya

"Sufuria imeiva, jamani!"

"Funua!"

"Nipakue wapi, juu au chini?"

"Chini, kwenye ukoko!"

"Na asiyenawa mikono?"

"Anuse, apite!"

Haya, mmenawa, kaeni. Na wewe hapo nyuma unayejifanya umeshaisikia, hii hujaisikia. Hakuna anayeijua kunishinda mimi.

Hapo kale, wanyama walipokuwa bado na adabu ya kula mezani, palikuwa na hoteli ukingoni mwa mto. Mwenye hoteli alikuwa Bi Kanga, yule mwenye gauni la madoadoa, anayetembea kama anahesabu vigae. Mpishi wake alikuwa Nguchiro. Nguchiro kimo chake ni cha mwiko, lakini maringo yake hayaenei ukumbini. Na alikuwa na haki ya kuringa! Jiko lake jeupe pe. Maji ya kunywa yamechemshwa, yakachujwa. Chakula kimefunikwa kawa, nzi akija anaambulia harufu tu. Kibao cha kukatia samaki na kibao cha kukatia mboga vilikuwa havijawahi hata kusalimiana. Kila asubuhi Nguchiro anakata kucha, anafunga aproni, anaweka kofia upande, anajitazama kwenye sufuria kama bwana harusi kwenye kioo.

Shida ilikuwa moja tu, na shida yenyewe ilikuwa na mkia.

Bwana Afya wa nchi ile alikuwa Mamba. Kazi ya Bwana Afya ni kukagua hoteli. Anachota kijiko kimoja cha kila chakula, anakitia kwenye kichupa, anakwenda kupima kama ni salama. Kijiko kimoja! Lakini Mamba alikuwa haji na kichupa.

"Kichupa changu ndicho hiki," alisema, akajipiga tumbo, pu! pu!

Siku ya kwanza alikuja, burururu, mkia unafagia sakafu. Akafunua sufuria.

"Naonja tu."

Gubu! Wali wote umekwenda.

"Naonja tu."

Gubu! Samaki wa kupaka, wote.

"Naonja tu."

Gubu! Na kisamvu.

Nguchiro akataka kusema neno. Mamba akachomoa karatasi nyekundu iliyoandikwa HOTELI IMEFUNGWA, akaining'iniza kwa kucha mbili. "Ulikuwa unasemaje, mpishi?"

"Nilikuwa nasema karibu tena, mzee."

Naye hakusita! Siku ya pili akaja, burururu. Naonja tu, gubu. Naonja tu, gubu. Naonja tu, gubu. Wageni waliotoka mbali na watoto wao wakashindia maji. Maji safi, yaliyochemshwa, lakini nani kashiba maji?

Siku ya tatu, asubuhi, Bi Kanga akamwita Nguchiro kando.

"Mwanangu, mikono yako haina kasoro. Lakini wageni hawali usafi. Leo tena wakikosa chakula, jiko nalifunga mimi mwenyewe, nawe rudi kichuguuni ukawapikie mchwa."

Nguchiro akasikia kama kamwagiwa maji ya barafu. Kichuguuni? Yeye? Na kofia hii?

"Bi mkubwa, leo wageni watakula, na Mamba atatazama."

"Na ule mwili wake?"

"Ukubwa wa mwili ni mzigo wa mwenyewe."

Adhuhuri ukumbi ukajaa pomoni. Twiga kainamisha shingo chini ya dari. Nungunungu kapewa meza ya peke yake, kila mtu anajua kwa nini. Mara, burururu! Mamba huyo, moja kwa moja jikoni, kitabu cha sheria kwapani.

"Naonja tu."

Gubu! Wali umekwenda.

Akanyoosha mkono kwenye sufuria ya pili. Moyo wa Nguchiro unakwenda du, du, du, lakini pua yake iko juu vilevile.

"Mzee, mimi nakuonea huruma."

Mamba akageuka. "Wewe unionee huruma mimi? Kijiti cha meno kama wewe?"

"Sheria zako mwenyewe zinakubana. Kitabu kinasema ukague sufuria, basi unaishia jikoni. Na sahani za wageni je? Na vikombe? Twiga pale kashapewa ndizi za nazi, harufu mpaka huku, nawe huna ruhusa ya kugusa hata moja."

Mamba akameza mate, glu! "Kweli eti?"

"Kitabu chako, kalamu yako. Mkubwa mwingine angeshaongeza sheria. Ila kama unawaogopa wageni..."

"Nimwogope nani? Lete kalamu! Taja, naandika."

"Andika hivi. Popote chakula cha hoteli kinapopita, kuanzia jikoni hadi tumboni, pakaguliwe kwa tochi."

"Hadi tumboni! Tamu hiyo. Ongeza."

"Pakikutwa masazo ya jana, pafungwe papo hapo, pagongwe muhuri. Asipafungue mtu mpaka pasafike."

Mamba akaandika, mate yanadondoka karatasini. Akagonga muhuri, ko! Akatoka ukumbini kifua mbele, akaisoma kwa sauti ya kutikisa vikombe. Twiga akainua sahani yake juu kabisa.

"Mmesikia?" akanguruma Mamba.

"Tumesikia!"

"Ni sheria?"

"Ni sheria!"

"Sawasawa," akasema Nguchiro. Akaruka juu ya meza, tochi mkononi. "Tuanze mwanzo. Wali wa leo umepikwa kwenye sufuria hii. Itazameni."

Sufuria inang'aa, unaweza kunyolea ndevu humo.

"Wali ukatoka hapa, ukapita wapi?"

Wageni wakainamia meza. Hata Nungunungu mwenye miiba yake alitazama chini. Lakini Twiga, ambaye masikio yake hakuna anayeyafikia kuyavuta, akajibu kutoka darini: "Ukapita kinywani mwa Bwana Afya."

"Basi kinywa nacho ni njia ya chakula cha hoteli. Mzee, kwa hisani yako, fungua tupakague."

Mamba akacheka mpaka mkia ukapiga ukuta. "Kinywa changu? Mimi ninayeshinda mtoni naoga? Tazameni, mjifunze usafi!"

Aaaa! Kinywa kikawa wazi kama mlango wa ghala. Nguchiro akawasha tochi.

"Mwiba wa samaki. Huu wa juzi. Kamba za mchicha, hizi tuziulize umri wao. Kijiko cha hoteli. Kijiko kingine cha hoteli. Na hiki je? Kitambaa cha meza, chenye maua mekundu!"

"Kitambaa cha marehemu mama!" Bi Kanga akapiga kelele. "Nimekitafuta mpaka nikamgombeza dobi bure!"

Harufu nayo ikatoka kuwasalimia wageni, mmoja mmoja. "Phuu!" Ukumbi mzima ukaziba pua. Mamba akaona aibu, akafumba kinywa haraka. Tap!

Hapo ndipo Nguchiro alipokuwa anapangojea.

Sikilizeni vizuri, maana wengi wenu mngekimbia. Kila mtu anaogopa jinsi mamba anavyofumba kinywa. Nani amewahi kuuliza anavyokifumbua? Nguchiro ni mzaliwa wa ukingoni, mayai ya mamba ameyaiba tangu hajaota meno, ukoo huo anaujua. Nguvu zote za taya la mamba ziko kwenye kuuma. Kwenye kufumbua ni mlegevu kama bamia lililolala.

Nguchiro akavuta kamba ya aproni yake, akarukia pua ya Mamba. Akazungusha mara moja, akazungusha mara mbili, akazungusha mara tatu, akapiga fundo. Ndi! Akachukua muhuri, akaugonga katikati ya pua. Ko!

"Mmmmf!" akasema Mamba.

"Anasemaje?" akauliza Bi Kanga.

"Anasema sheria ni sheria, bi mkubwa."

"Mmmmf! Mmmf!"

"Sasa anauliza atasafisha vipi kinywa kilichofungwa. Swali zuri hilo, mzee. Liandike kitabuni."

Mamba akapiga mkia, viti viwili vikavunjika. Lakini mkia haufungui fundo, na ukumbi mzima ulikuwa umeshakubali kuwa ni sheria. Akageuka, burururu, mpaka mtoni. Chubwi!

Wageni wakala! Samaki wa kupaka, kisamvu, ndizi za nazi, na wali mpya ulipoiva wakaukaribisha kwa makofi. "Ongeza hapa!" "Mpishi, huku hujafika!" Nguchiro akapita katikati ya meza, aproni haina kamba, inapepea kama bendera, naye anatembea polepole makusudi ili hata waliokaa kona wamwone vizuri. Bi Kanga akamwambia mbele ya watu wote, "Jiko ni lako." Kichuguu hakikutajwa tena.

Na Mamba? Kamba ilioza majini baada ya siku nyingi, ikakatika. Lakini tangu hapo anajua kuwa kinywa kilichofumbwa ndicho hufungwa. Kila akipanda ukingoni anakiacha wazi, aaaa, vindege vinaingia na kutoka kukagua. Huamini? Nenda kamuulize, usimame karibu.

Ngano yangu nimeitua chini. Mwenye nguvu aibebe, mwenye wivu aisukume.

Na funzo lake ni hili, mlishike. Mdogo hana akili ya kumshinda mkubwa. Usafi ni kujisumbua. Mkubwa akija kula chakula chako, nyamaza, umpelekee na maji ya kunawa. Hayo ni maneno ya Mamba mwenyewe, huyasema kila siku pale mtoni. Kinywa si kiko wazi? Nani atamzuia!