Tirza na Mwosha Aliyetoka Jangwani

Enyi mliokaa, hadithi ije isije?

— Ije, tumeikalia!

Ije tupu, au ije na chumvi yake?

— Ije na chumvi, ije na pilipili!

Na mwenye kijicho?

— Asikilize mara mbili!

Haya. Zamani za kale, kabla babu wa babu yangu hajaota meno, ulikuwapo mji wa Wayahudi juu ya kilima cha mawe, mji uitwao Keramimu. Watu wake walifuata Torati ya Musa. Walilima zabibu, walifuga kondoo, na kila Ijumaa jua likielekea kuzama waliacha kazi zote wakaingia Sabato. Na katika mji huo alikuwapo mwanamke, jina lake Tirza binti Yokebedi.

Tirza alikuwa mkubwa wa waosha maiti wa kike. Kazi hiyo alifunzwa na mama yake, na mama yake alifunzwa na mama yake. Watu wa Keramimu waliiita kazi hiyo wema wa kweli. Kwa nini wa kweli? Kwa sababu ukimpa mtu mkate leo, kesho atakupa zabibu. Ukimwosha maiti, maiti hakupi kitu. Hata ahsante hasemi.

Lakini hapo pana jambo. Maiti hasemi ahsante, walio hai wanasema. Tirza akipita sokoni, wanawake walimpisha. Akiingia sinagogi, nyumba yao ya ibada, kiti cha mbele upande wa wanawake kilikuwa chake. Kwenye karamu kidari cha kondoo kilikuwa chake. Akazoea. Na mazoea yana taabu.

Mwaka mmoja akaja mgeni. Mjane, jina lake Asenathi, ametoka ng'ambo ya jangwa na punda mmoja na mtungi mmoja. Akapanga chumba karibu na kisima, akawa anaoka mikate na kuuza. Mtu wa watu, mpole, hana makuu.

Basi ikatokea siku moja wakafa wanawake wawili asubuhi moja, waosha wakawa hawatoshi. Asenathi akasema, "Dada Tirza, kwetu nami nilikuwa naosha."

Tirza akampa kata ya maji. Alimpa kwa mkono wake mwenyewe!

Kabla hajamwaga hata tone, Asenathi aliinama sikioni kwa marehemu, akanena polepole: "Mama Milka, utuwie radhi. Tukikugeuza vibaya, utuwie radhi. Sasa tunakuosha mkono wa kulia, mama. Maji si baridi."

Wanawake waliokuwa chumbani wakalia. Tirza naye alijua kuomba radhi maiti, ndiyo desturi, ila yeye aliisema upesi upesi, kama mtu anayefukuza kuku.

Tangu siku ile pakazuka maneno mjini. Kisimani: "Siku yangu ikifika, anioshe Asenathi." Kwenye tanuri: "Mimi nami, Asenathi." Hata wasichana ambao kifo kilikuwa mbali nao kama mwezi: "Asenathi, Asenathi."

Tirza akayasikia. Kijiba cha roho kikamkaa hapa, katikati ya kifua, hakipandi wala hakishuki. Akawa anajisemea: "Kwa nini yeye? Kwani mimi nina nini?"

Na tazameni shida yake. Mtu akikuibia kondoo, unamshitaki kwa waamuzi. Lakini mtu akipewa mazishi uliyoyahesabu kuwa yako, utashitaki wapi?

Tirza akatenda jambo la kwanza. Alifariki mke wa mfinyanzi, na Tirza hakumpelekea Asenathi habari. Wakaosha, wakazika, wakanawa. Ndipo Asenathi akaja mbio, unga mikononi.

"Dada Tirza, mbona sikusikia?"

"Ulikuwa na mikate yako, dada. Sikutaka kukusumbua."

Asenathi alipotoka, kunguru akatua ukutani. Ndege huyo, wazee husema, ndiye aliyemwonyesha binadamu wa kwanza namna ya kuzika, kwa hiyo habari za makaburi ni zake. Kunguru akasema:

"Kwaa! Tirza binti Yokebedi,
umeosha wangapi?
Na nani aliyekushukuru?"

Tirza akajibu, "Nimeosha mia, na mji mzima wanishukuru."

"Mji sikuuliza," akasema kunguru, akaruka.

Tirza akatenda jambo la pili. Alipofariki bibi wa mchunga kondoo, akamwambia Asenathi, "Ndani tumetosha. Wewe simama mlangoni ufukuze mbwa." Asenathi akasimama mlangoni. Basi wafiwa walipofika, wa kwanza kumkuta akawa nani? Asenathi! Akawashika mikono, akawapa maji, akawasikiliza. Tirza alipotoka na vitambaa vyake vya kuoshea vilivyokunjwa vizuri, akakuta watu wote wamemzunguka mfukuza mbwa.

"Kwa nini yeye? Kwani mimi nina nini?"

Kunguru akatua ukutani:

"Kwaa! Tirza binti Yokebedi,
umeosha wangapi?
Na nani aliyekushukuru?"

"Mia na mmoja! Na ondoka!"

Ndipo Tirza akatenda jambo la tatu, na la tatu lilikuwa baya kuliko yote. Akaenda kisimani, akainamisha kichwa kwa mwenzake: "Mimi sisemi kitu. Ila vipuli vya marehemu Milka, vilikwenda wapi? Nani alikuwa upande wa kichwa?" Akaenda kwenye tanuri, akasema vile vile. Akaenda mlangoni mwa sinagogi, akasema vile vile, na hapo akaongeza na pete.

Ulimi hauna mfupa. Siku saba hazikupita, mikate ya Asenathi ikawa inakauka kapuni. Watu wakimwona wanavuka upande wa pili wa njia. Mwenye chumba akamwambia atafute kwingine. Asenathi akamfunga punda wake mtungi, akashuka kilimani, akakaa kwenye kibanda cha wachonga mawe, nje ya mji. Hakuna aliyemtaka tena amwoshe, wala aliyemtaka amwokee.

Kunguru alipokuja mara ya tatu, Tirza hakungoja aulizwe. Akamrushia jiwe.

Je, alifurahi? Alifurahi, siku tatu. Siku ya nne akajikuta amesimama ukingoni mwa kilima, anatazama moshi wa kibanda kule chini. Je, amepika nini? Je, analia au anaimba? Akawa akiona moshi roho inamuuma, asipouona roho inamuuma. Wivu ni mgeni asiyeaga, ndugu zangu. Umempa ng'ombe, anauliza kamba iko wapi.

Sasa Bi Yokebedi, mama yake Tirza, alikuwa mzee sana. Ijumaa moja asubuhi akashindwa kuamka. Akamwita binti yake.

"Tirza mwanangu, safari imefika."

"Usiseme hivyo, mama."

"Nisiposema mimi atasema nani? Sikiliza. Nataka nioshwe na Asenathi."

Tirza alihisi kama amepigwa kofi na mkono uliomlea.

"Mama! Hata wewe? Mimi ndiye mwanao. Mimi ndiye uliyenifunza. Kwa nini yeye? Kwani mimi nina nini?"

"Mikono yako ni mizuri, imeishinda yangu," akasema Bi Yokebedi. "Lakini ukiingia wewe chumbani, mwanangu, chumba kizima unajaa wewe. Tirza kichwani, Tirza miguuni, Tirza mlangoni akitazama nani amemwona. Mimi nimekuwa mdogo sasa. Mimi nitalala wapi?"

Akavuta pumzi, akaongeza kwa sauti ndogo: "Mungu mwenyewe, alipotaka kuumba ulimwengu, alijisogeza kwanza, ulimwengu upate pa kukaa. Wewe huwezi kusogea pembeni kwa ajili ya maiti mmoja?"

Kabla ya adhuhuri, akafariki.

Wosia ule hakuna mwingine aliyeusikia. Ni Tirza peke yake na kuta. Nani angejua? Jua lilikuwa linakimbia, na kwa Wayahudi maiti wa Ijumaa huzikwa kabla Sabato haijaingia. Tirza akaleta maji. Akaleta sanda nyeupe, ile isiyo na mfuko, kwa kuwa huko hakuna cha kubeba. Akainama sikioni kwa mama yake aombe radhi.

Maneno hayakutoka. Kilichokuja kichwani ni hiki: watu watasema Tirza alimwosha mama yake vizuri sana.

Akajisikia akiwaza hivyo. Mbele ya uso wa mama yake, akajisikia! Akaiweka kata chini kama inamchoma, akamfunika mama, akamwita jirani aketi naye, akatoka mbio. Mwanamke ambaye sokoni hupishwa, akashuka kilima kile cha mawe akiteleza, ushungi umemvuka.

Akamkuta Asenathi anakanda unga.

"Asenathi. Mama amefariki."

"Bi Yokebedi? Ahimidiwe Hakimu wa kweli," akasema Asenathi, kama wasemavyo Wayahudi wakisikia msiba, akaanza kupangusa mikono.

"Alitaka umwoshe wewe. Na mimi... mimi nilikusingizia. Vipuli, pete, yote niliyatunga."

"Najua."

"Unajua?"

"Tangu siku ya kwanza. Unadhani mimi malaika? Huu unga unaouona, dada Tirza, kila asubuhi nilikuwa nakukanda wewe."

Punda akatikisa masikio.

"Nitakuja," akasema Asenathi. "Lakini nikiingia mjini na neno hilo mgongoni, watu watanitazama mimi, hawatamtazama mama yako. Nenda mbele. Ulipolimwaga, ulizoe."

Tirza akapanda. Akafika kisimani, akasema mbele ya wanawake wenye ndoo: "Asenathi hakuiba. Nilisema uongo. Milka hakuwa na vipuli." Wanawake wakashika midomo.

Akafika kwenye tanuri. Hogla mwokaji, mwanamke mnene mwenye sauti ya ngoma, akamwuliza, "Basi sisi tuliomnyima kula tumwambie nini?"

"Mwambieni kuwa Tirza ni mwongo."

Akafika mlangoni mwa sinagogi. Hapo watu walikuwa wengi, wameshavaa nguo za Sabato, na rabi, mwalimu wao wa Torati, yuko katikati. Akasema yale yale mbele yao. Mtu mmoja akacheka: "Huyo ndiye mkubwa wa waosha!" Mwanamke mwingine akatema mate chini. Tirza alipogeuka kuondoka, hakuna aliyempisha. Akajipenyeza kama wanavyojipenyeza watu wengine wote.

Asenathi akaingia mjini na mtungi wake, hakuna aliyethubutu kumzuia. Chumbani akamwambia Tirza neno moja tu: "Chota maji."

Tirza akachota. Akaenda kisimani mara moja, mara mbili, mara tatu. Kila akirudi anajibana ukutani wengine wapite. Hakusema shika hivi, hakusema geuza vile. Akamsikia Asenathi akinong'ona: "Mama Yokebedi, utuwie radhi. Sasa tunakuosha mkono wa kulia. Binti yako yuko hapa, ameleta maji."

Ndipo Tirza akamtazama mama yake. Akaona kovu dogo chini ya kidevu, ambalo hakuwahi kuuliza lilitoka wapi. Akaona jinsi vidole vilivyokuwa vyembamba. Alikuwa ameosha watu mia na mmoja, na huo ulikuwa uso wa kwanza kuuona. Akalia, kwa sauti ya chini, pembeni.

Wakamzika jua likiwa bado shubiri moja juu ya milima.

Sasa msijidanganye mkasema wivu ulikufa siku ile. Walimzika Bi Yokebedi; wivu hawakuuzika. Njiani tu kutoka makaburini, Tirza alimsikia mtu akisema, "Mikono ya Asenathi, jamani!" na kile kijiba kikainuka kifuani kama paka aliyenusa samaki. Safari hii Tirza alifanya jambo dogo. Alisogea ukingoni mwa njia, akamwacha Asenathi apite mbele. Basi. Kesho yake akasogea tena. Na kesho kutwa. Asenathi naye ilimchukua mwaka na zaidi kumwita dada bila kusaga meno. Lakini waliosha pamoja, huyu akiwa kichwani huyu anachota, wakipokezana, hata nywele zao zikawa nyeupe.

Mwosha huoshwa. Asenathi alitangulia. Tirza alipofika siku yake, wake za wanawe wakamwuliza, "Mama, unataka akuoshe nani?"

Akasema, "Aliye karibu na ndoo."

Naye akaoshwa, akavishwa, akazikwa. Nani alimwosha? Nimeuliza, mimi msimulizi wenu, na hakuna anayejua. Waosha wa Keramimu hawajitaji.

Maana yake, basi: aliyejijaa mwenyewe hana pa kumweka mwenzake, wala pa kumweka Mola wake. Jisogeze kidogo, wema wa kweli hauhitaji chumba kikubwa. Na uongo uliomwaga, uzoe mwenyewe, palepale ulipomwagika.

Hadithi imefika kwake, imevua viatu. Iliyokuwa tamu mpeni jirani, yenye uchungu niachieni mimi.

Lo! Kumbe tangu jioni nimewazibia moto kwa mgongo wangu mpana, nanyi mnatetemeka kimya? Njooni, njooni mbele. Nasogea.